Nilisamehewa, Muuza Mkaa Hana Habari

Mwaka juzi, Alhamisi moja jioni, shilingi 85,000 ziliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Nilikuwa kwenye kibanda cha rolex hapa Kibuli, nikisubiri mayai mawili yaviringishwe ndani ya chapati. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa kwamba hizi si zangu. Nilimwambia kijana aongeze yai la tatu.

Haikupita robo saa simu ikalia. Namba ngeni. Nikaitazama mpaka ikakatika, ikalia tena, nikaitazama tena. Hadi saa tatu usiku alikuwa amepiga mara saba, na katikati akatuma ujumbe wa Kiganda wenye adabu kuliko nilivyostahili: ssebo, nimekosea tarakimu moja, pesa hizo ni za shemeji yangu anayeniletea mkaa, nakuomba unirudishie, Mungu atakubariki. Nikazima simu. Kulipokucha nilikuwa mtu wa kwanza kwa wakala. Nikazitoa zote, nikampunguzia mwenye nyumba deni la kodi. Nilikuwa na sababu zangu na nilizipanga vizuri. Hakuna mwizi asiye na sababu.

Hatia ina tabia ya panya wa darini. Mchana humsikii. Usiku, watu wakishalala, ndipo anapoanza kutembea. Kwa miezi minne nilimsikia. Kila niliponunua mkaa nilimtazama muuzaji usoni nikijiuliza kama ni yeye. Namba yake sikuifuta, na mpaka leo sielewi kwa nini, kwa sababu kuifuta kungenisaidia.

Halafu ikaja Jumapili moja, katika kanisa dogo la mabati ambalo sitalitaja, maana kosa halikuwa lake. Mchungaji aliuliza nani amebeba mzigo usioonekana. Nikajikuta nimesimama. Nikasema kwa Kiswahili, na kijana mkalimani akawa anaigeuza kila sentensi kuwa Kiganda kabla sijaimaliza. Neno pesa alilitamka kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nikalia. Kinanda kikaingia taratibu, mikono ikanishika mabegani, nikatangaziwa kwamba nimesamehewa na deni limefutwa. Watu wakapiga makofi. Nilitoka pale mwepesi kama unyoya, na usiku ule nikalala fofofo.

Wiki mbili zilipita kabla sijatambua kwamba katika habari hii yote kuna mtu mmoja ambaye hakuwa amesikia lolote.

*

Kibuli ni mahali pagumu kuishi ukiwa na hatia. Juu ya kilima upo msikiti, kwenye ardhi ya familia ya Prince Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, na pembeni yake shule na hospitali ya Waislamu. Chini yake ipo shule ya mafunzo ya polisi na makao makuu ya idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Kwa hiyo kilimani watu wanatubu, mteremkoni watu wanakiri. Ukivuka kidogo tu uko Nsambya, kilima cha Wakatoliki, ambako padre amekaa kwenye kiti cha kitubio akisikiliza minong'ono. Na katikati ya vyote hivyo, kwenye vichochoro na juu ya maduka, yamejaa makanisa ya waliookoka yenye spika kubwa kuliko milango. Sijui mtaa mwingine Kampala ambako neno "nimekosa" linatamkwa kwa namna nyingi hivi kati ya alfajiri na magharibi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, ndiyo maana naandika Kiswahili. Waganda wengi wa rika langu walikua wakiamini kwamba hii ni lugha ya askari na ya majambazi, na sisi watoto wa kambini tulikuwa ushahidi wao. Kambini neno kukiri lilikuwa na maana moja. Mtu anakiri kwa sababu amebanwa, na akishakiri maneno yake yanaandikwa, anatia sahihi, yanakuwa mali ya serikali. Nilipokwenda shule ya Jumapili na kuambiwa nikiri dhambi zangu, nilitazama mlango.

Mzee mmoja fundi cherehani, jirani yangu, haji wa miaka mingi, ndiye aliyeniharibia wepesi wangu. Nilimsimulia kisa chote cha ushuhuda kanisani kwa furaha, kama mtu anayeonyesha suti mpya. Akaendelea kupinda upindo wa kanzu. Kisha akauliza, "Na mwenye pesa alisemaje, mwanangu?"

Nikamwambia, "Haji, nimekueleza, nimetubu kwa Mungu."

"Hilo nimelisikia," akasema. "Nauliza mwenye pesa."

Kwao, alinieleza, kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia ni sawa pale ambapo kosa ni baina yako na Mola. Lakini haki ya mja ikiwamo ndani, hairuki hivi hivi. Ni lazima imrudie mwenyewe au yeye mwenyewe akuachie. Kusema kweli nilikasirika. Nilijiambia huyu ni Mwislamu, haelewi neema. Ilibidi nirudi kwenye historia ya kanisa langu mwenyewe ili nione kwamba babu zangu wa imani wangemkubalia haji bila ubishi.

*

Waswahili wengi hutumia neno mlokole bila kujua lilikotoka. Dar es Salaam mlokole ni yule anayekunywa soda kwenye harusi na kuondoka kabla muziki haujapamba moto. Neno ni la Kiganda: okulokoka ni kuokoka, na Balokole ni waliookoka. Limetoka hapa, likavuka ziwa, likapata dhihaka njiani.

Kisa chenyewe kinaanzia kilima kingine cha mji huu. Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikuja Namirembe kutoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho. Njaa kuu ilikuwa imepita kule na kuua watu mbele ya macho yake. Akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. (Vijana wa leo wanamjua zaidi mwanawe, Apolo Nsibambi, Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.) Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakisoma na kuomba, kila mmoja akikubali mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Mzungu wa misheni na Mwafrika mtumishi wa serikali ya kikoloni, wamekaa kitako, hakuna bwana wala boi.

Moto wa uamsho ukaenda Gahini kwa mikono ya mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, mwalimu aliyefariki Januari 1936 kwa homa ya kupe akiwa bado kijana. Ukashika Kigezi na mkutano wa Kabale wa 1935. Kabla miaka ya 1930 haijaisha ulikuwa umeingia Kenya na kuvuka hadi upande wa Bukoba. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kinara wao. Walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, wakawaambia walimu na wenzao kwamba chuo cha wachungaji kinafuga wizi na uasherati. Wakuu waliona utovu wa nidhamu. Wenyewe waliona nuru.

Nuru ndilo lilikuwa neno lao. Kutembea nuruni kulimaanisha kwamba ukikutanika na ndugu unasema ulichofanya, kwa jina lake, si kwa mafumbo. Si "nimepungukiwa na utakatifu", bali "nilimwibia bwana fulani jembe". Ndugu hawakukimbilia kupiga makofi. Walikuwa na swali, na ni lilelile la haji wangu: umerudisha? Ndiyo maana wazee wa Kigezi na Ankole waliwaona waliookoka wakiwa njiani na ng'ombe wasio wao, wakiwarudisha. Shuka za hospitali zilirudi hospitalini, vifaa vya shule vikarudi shuleni. Maofisa wa serikali walijikuta wamesimama mbele ya mtu asiyeshtakiwa na yeyote, ameshika pesa mkononi, anataka kulipa kodi aliyoikwepa, na hakuna fomu ya jambo hilo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi. Mwaka 1941 alikuwa mwalimu kijana, mnywaji, aliyeuchoka ukristo wa shule. Siku moja rafiki yake alimjia akiwa juu ya baiskeli, uso umebadilika, akamwambia kwamba Yesu amemwokoa saa chache tu zilizopita, na papo hapo akamwomba radhi kwa mambo matatu aliyomkosea. Mambo matatu, yamehesabiwa! Kivengere alisema mwenyewe kwamba hilo ndilo lililomvunja. Naye alipookoka akapanda baiskeli, akaenda maili 50 kumtafuta Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, amwambie kwamba alimchukia na kwamba anaomba msamaha. Maili 50 za vilima vya Kigezi. Mimi nilikuwa na namba ya simu.

Wala si kweli kwamba hawa watu hawakuijua neema. Hakuna walichokihubiri kama damu ya Yesu na msalaba wake. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, unaoimbwa mpaka leo msibani na arusini kuanzia Kampala hadi Dodoma, ni wimbo wa kusifu kwa ajili ya damu hiyo. Hawakufundisha kwamba ng'ombe aliyerudishwa anafuta dhambi. Dhambi imefutwa tayari. Ng'ombe ni wa mwenyewe, basi. Zakayo katika Luka 19 anafuata mpangilio huohuo. Yesu anajialika kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti, na akishaingia ndipo Zakayo anasimama kusema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Msamaha ulitangulia, na ulipofika ukafungua sanduku la pesa.

*

Lakini nisiwafanye malaika. Walokole walikuwa na ukatili wao. Mtu akitangaza hadharani kwamba alizini, huwa anamtangaza na mwenzake, na huyo mwenzake hakuwa ameomba kipaza sauti. Kuna wanawake walioharibiwa na ushuhuda wa mwanamume mmoja aliyetaka kulala usingizi. Wazee wa Kinyankore na wa Kiganda, hata wasiokuwa na dini yoyote, walishtuka: mambo ya ndani yanaanikwa uani kama nguo za ndani. Sisi Waswahili tunalo neno stara, na sidhani ni neno la unafiki. Mtu aliyesitiriwa bado ana uso wa kurudia nyumbani. Baadaye ndugu wenyewe walijifunza, wakaweka busara kwamba mengine yasemwe kwa aliyekosewa tu au kwa wazee wachache.

Wengine walikaza kamba mpaka ikakata mkono. Kundi la Bazuukufu, walioamka upya, lilifika mahali pa kuhesabu kuchukua mkopo kuwa dhambi. Nikiwa na madeni yangu ya mwezi huu, nakiri kwamba hapo wananigusa.

Kosa kubwa zaidi, naona, ni kudhani kwamba kila anayeinamisha kichwa ana la kutubu. Kiganda kinasema ensonyi kwa kile ambacho Kiswahili cha zamani kinaita soni. Ni neno moja lililotembea. Na Mganda akitaka kuomba radhi anasema nsonyiwa. Sikio langu la kambini linalisikia neno soni ndani yake, kana kwamba msamaha ni kumvua mtu soni aliyovikwa. Sasa, hatia na soni vinaweza kukaa nyumba moja lakini si ndugu. Hatia ni ya nilichokitenda. Soni ni ya namna ninavyotazamwa, na mara nyingi anayeibeba hakutenda kitu.

Uganda ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden na kusema mbele ya taifa kwamba ana ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani kabla ya kufariki Desemba mwaka huohuo. Kuna waliosema amelipwa aseme. Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, akawa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika kusema hadharani kwamba anaishi na virusi, baada ya mkewe kufariki. Makanisa mengi wakati huo yalikuwa na mahubiri mamoja tu kuhusu ugonjwa ule: tubu. Byamugisha ametumia maisha yake kusema kwamba wagonjwa walikuwa wakiuawa na soni na kimya kama walivyouawa na virusi, na kwamba mtu anaweza kuambukizwa bila kutenda dhambi na kutenda dhambi bila kuambukizwa. Kwa kasisi kusema hivyo, wakati ule, ilikuwa kama kuvua kanzu madhabahuni.

Mpaka leo namwona binti aliyebakwa na mjomba wake akiitwa mbele na kuongozwa sala ya toba. Namwona mwanamke asiyezaa akiulizwa kama hakuna alichokificha. Hii ni kumpa quinine mtu aliyevunjika mguu. Yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12 na kupenya katikati ya umati, Yesu alimtaka ajitokeze mbele ya watu wote, na ukisoma haraka utadhani anaaibishwa. Alipojitokeza hakuulizwa dhambi yake. Aliitwa binti, akaambiwa aende na amani. Zakayo alitoka na deni la kulipa. Yule mama hakudaiwa hata shilingi. Mchungaji asiyejua nani kati ya hao wawili amesimama mbele yake anapaswa kuzima kipaza sauti kwanza.

*

Na upo mtihani mwingine, mzito kuliko wote, ambao hakuna mwandishi wa mambo haya anayeruhusiwa kuukwepa. Gahini iko Rwanda. Nchi ileile iliyowasha moto wa uamsho ndiyo iliyoona, mwaka 1994, watu waliobatizwa wakiwachinja waliobatizwa pamoja nao, na makanisa kama Nyamata na Ntarama yakijaa maiti za waliokimbilia humo. Uimbaji wa miaka 60 wa damu ya Yesu haukuzuia. Tunaweza kusema wengi wa wauaji hawakuwa walokole, na ni kweli kwamba wako ndugu waliokufa kwa kuficha majirani zao. Lakini kama kutua mzigo kungetosha, nchi ile ingekuwa nyepesi kuliko zote.

Kilichofuata kinanifundisha. Mahakama za Gacaca zilizofungwa mwaka 2012 zilisikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 chini ya miti na kwenye viwanja vya vijiji. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, lakini kukiri kwake kulikuwa na masharti: aseme alimfanya nani nini, na nani walikuwa naye, na miili iko wapi, na aombe radhi mbele ya waliobaki. Zilikuwa na kasoro nyingi na sizitetei zote. Ninachosema ni kwamba mjane hakuhitaji kusikia kwamba muuaji wa mumewe amepata amani moyoni. Alihitaji kuonyeshwa shimo.

Festo Kivengere alilijua hili kwa upande wa pili. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Februari 16, 1977, Kivengere alitoroka na mkewe kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwachefua watu wengi, I Love Idi Amin. Alisema chuki ilikuwa inamla yeye, si Amin, na kwamba ilimbidi amwombe Mungu amwondolee. Wapo wanaokitumia kisa hiki kuwaambia walioonewa wasamehe haraka na kunyamaza. Hawajakisoma. Kivengere alisamehe na akaendelea kupita ulimwenguni akitaja kilichokuwa kikitendeka Uganda.

*

Sasa linganisha na tunachofanya Kampala ya leo. Aliyedhulumu kiwanja anapanda mbegu. Aliyekula mshahara wa watumishi analeta sadaka ya shukrani na kuketi kiti cha mbele. Tuna mikesha ya kufuta laana, maji, mafuta na vitambaa, na bei zinajulikana. Deni la jirani linalipwa madhabahuni, na risiti inaandikwa kwa jina la Mungu. Kristo mwenyewe, katika Mathayo 5, alielekeza kinyume: ukiwa umefika na sadaka yako ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, uende kwanza ukapatane naye. Nimekaa makanisani miaka mingi na sijawahi kumwona mhudumu akimrudisha mtu mlangoni pamoja na bahasha yake.

Wachungaji wengi ni watu wazuri na nawajua baadhi yao. Wana watu 200 wanaolia kwa wakati mmoja na saa mbili za ibada. Kumwambia mtu "umesamehewa" kunachukua sekunde tatu. Kumsindikiza kwa aliyemkosea kunachukua Jumanne nzima. Lakini wale ndugu wa Gahini na Kabale hawakuwa na muda zaidi yetu. Walikuwa na ndugu wawili watatu waliokujua vizuri, wanaokuuliza wiki ijayo umefika wapi. Hicho ndicho tulichokiacha tuliponunua spika. Kanisa linaloniambia nimesamehewa lisiponiuliza mwenye mali alisemaje, limenisaidia kuiba mara ya pili, safari hii kwa dhamiri safi.

Wakatoliki wa Nsambya wasicheke. Nao wana malipizi, na sharti la kurudisha kilichoibwa liko kwenye mafundisho yao tangu zamani. Ni juu yao kujiuliza mara ya mwisho padre alimwambia lini mtu mzima arudishe kitu zaidi ya kusali Salamu Maria.

*

Nilimpigia mwenye pesa Jumanne. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, Kiganda changu kikipata woga hupotea. Alipokea mlio wa pili. Nikasema mimi ndiye yule wa zile 85,000. Kimya. Nyuma yake nikasikia beleshi likikwangua sakafu na mtu akibishana bei. Nikaendelea kusoma karatasi yangu hadi mwisho, nikasema nsonyiwa nnyabo, nikasubiri.

"Mbona ulizima simu?" akauliza.

Sikuwa nimeandika jibu la hilo. Akanieleza, bila hasira, kama mtu anayetoa hesabu, kwamba zilikuwa pesa za magunia ya mkaa, kwamba shemeji alimwuzia mtu mwingine mzigo ule, kwamba mwezi mzima aliuza kwa kukopa kwa wenzake. Alidhani mwenye namba ni mtoto au mgonjwa. Hakutaka kuamini ni mtu mzima tu aliyekaa kimya. Hakusema amenisamehe. Alisema ana mteja.

Nilituma pesa dakika ileile. Hesabu, sura ya 5, inaagiza mwenye kosa arudishe kitu kizima na kuongeza juu yake sehemu ya tano, kwa hiyo nilituma 102,000 na sikumweleza chochote. Niliweka simu mezani. Panya alikuwa bado darini, lakini sasa nilijua jina lake.

Baada ya dakika kumi hivi simu ikalia, mlio uleule wa Alhamisi ile. Shilingi 17,000 zimeingia, kutoka kwa mwanamke ninayemjua. Chini yake ujumbe wa Kiganda: ssebo, umekosea, nilikutumia 85,000 tu.